Sentensi ya Kiingereza ifundishwe kwa kuanzia kwenye Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ufundishaji wa sarufi ya Kiingereza katika sekondari zetu. Mimi ni mwalimu wa somo hilo kwenye sekondari ya kata wilayani Chamwino, na ninachokiandika hapa nimekiona darasani, si cha kusimuliwa.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma karibu kila kitu kwa Kiswahili. Januari akiingia kidato cha kwanza, vitabu vya baiolojia, jiografia na hisabati vyote ni vya Kiingereza. Ndiyo sababu shule nyingi hutenga wiki za mwanzo kwa ajili ya orientesheni, ili mtoto apewe sarufi, muundo wa sentensi na alama za uandishi kabla hajaanza masomo yenyewe. Wazo ni zuri sana. Kinachoniuma ni namna tunavyozitumia wiki hizo.

Mwalimu anachora ubaoni jedwali la nyakati. Wanafunzi wananakili, wanakariri, kisha wanapewa sentensi za kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Baadaye pasti pepa. Kwenye kujaza nafasi mtoto anapata nane kwa kumi na mwalimu anafurahi. Mwambie mtoto huyohuyo aandike aya moja kuhusu nyumbani kwao, hapo ndipo utaona kwamba hajui sentensi inaanzia wapi na inaishia wapi. Na shule nyingine zina kibao mlangoni kisemacho "No English, No Service", kwa hiyo akikwama hana hata lugha ya kuulizia.

Nasema hivi, Mhariri: makosa mengi ya watoto wetu katika Kiingereza si uzembe, ni Kiswahili kizuri kilichovaa maneno ya Kiingereza. Ukiyaona hivyo, unajua pa kuanzia kuyarekebisha.

Chukua aya kama hii, ya aina ninayoipata kila mwaka kutoka kwa watoto wa wakulima wa zabibu: "On Saturday I woke up early, I took a bucket, I went to the farm, my grandmother she was cutting grapes, the buyer came, he look the grapes, he say the price is down." Mwalimu mwenye haraka atapiga mistari myekundu, ataandika "Grammar!" pembeni, atampa tatu kwa kumi. Mtoto atarudishiwa daftari asijue kakosea nini.

Sasa mwambie aiseme kwa Kiswahili. Atasema: Jumamosi niliamka mapema, nikachukua ndoo, nikaenda shambani. Hapo hapana kosa. Kile kiambishi "ka" ndicho kinachoyaunga matendo, kimoja baada ya kingine, na mkato unatosha kabisa kati yake. Mtoto amehamisha kila kitu isipokuwa "ka", kwa sababu Kiingereza hakina kitu cha namna hiyo ndani ya kitenzi. Kinachobaki ni sentensi kamili zilizopangwa foleni kwa mkato, jambo ambalo Kiingereza hakilikubali. Mwonyeshe kwamba kazi iliyokuwa ikifanywa na "ka" lazima sasa ifanywe na kitu kingine: ama nukta na herufi kubwa, ama kiunganishi kama "and" au "then", ama nukta mkato. Kipindi kimoja kinatosha. Nimewaona watoto wakizunguka kwenye daftari zao wenyewe wakitafuta kila mahali ambapo "ka" ilikuwa imejificha, na kuweka nukta bila kuambiwa.

Twende kwa bibi. "My grandmother she was cutting" imetoka wapi? Katika "bibi alikuwa anakata", ile "a" ya mwanzo wa kitenzi inamwakilisha bibi. Haiwezi kuachwa hata kama bibi ametajwa. Mtoto anaitafutia nafasi kwa Kiingereza, anaweka "she". Kumbe kitenzi cha Kiingereza hakibebi kiima ndani yake, na bibi akishatajwa inatosha. Upande wa pili wa sarafu hiyohiyo ni "Is raining", kutoka "inanyesha": hapa mtoto anaona kiima kimo ndani ya kitenzi, hivyo haweki "it". Makosa haya mawili yanaonekana kinyume, lakini chanzo ni kimoja, na anayejua viambishi vya nafsi vya Kiswahili atayaelewa kwa pamoja.

Nyakati nazo. Tunapiga kelele kila mwaka kuhusu tofauti ya "grows" na "is growing". Kiswahili kinayo njia ya kuionyesha, ni "hu" ya mazoea. Baba hulima zabibu. Baba analima sasa hivi. Ya kwanza ndiyo "grows". Shida ni kwamba katika mazungumzo ya kila siku "na" hutumika kwa yote mawili, ndiyo maana mtoto anaandika "I am knowing him", kwa kuwa amezoea "ninamjua". Mwalimu akimrudisha kwenye "hu" kidogo tu, mtoto anapata pa kushika.

Na "I did not went"? Mwulize mtoto kama anaweza kusema "sikulikwenda". Darasa zima litacheka, kisha wataona wenyewe kwamba katika "sikwenda" wakati uliopita umetajwa mara moja tu. Kwa Kiingereza umeshatajwa kwenye "did", basi "go" ibaki kama ilivyo.

Eneo moja ambalo Kiswahili hakitusaidii ni "he" na "she", maana "yeye" ni wa jinsia zote, na Kigogo nacho ni hivyohivyo. Lakini hapa Dodoma tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Katika wilaya ya Chemba kuna watoto wa Kisandawe, na lugha yao hutofautisha mwanamume na mwanamke hata katika viwakilishi. Mtoto huyo ambaye pengine anachekwa kwa lugha ya kwao tayari anayo kichwani tofauti ambayo wenzake wanahangaika nayo. Mwalimu anayelijua hilo anaweza kumsimamisha mbele ya darasa awe mfano, na hiyo ni heshima anayostahili.

Alama za uandishi tunazidharau mno, tunaziachia dakika tano za mwisho. Ritifaa, kwa mfano, mtoto anaijua kutoka kwenye "ng'ombe", ambako inaonyesha namna ya kutamka. Hajaambiwa kwamba kwa Kiingereza inafanya kazi nyingine: kuonyesha herufi iliyodondoshwa, kama "it's" kwa "it is", au kuonyesha mwenye mali, kama "the farmer's bucket". Halafu tunashangaa akiibandika kila penye "s".

Wanaodhani mkato ni pambo wasikie kesi ya Marekani ambayo nina desturi ya kuwasimulia wanafunzi wa kidato cha tatu. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy, katika jimbo la Maine, walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilikuwa na orodha ya kazi zinazohusu vyakula ambazo hazistahili malipo hayo: kusindika, kugandisha, kukausha, kuhifadhi na nyingine, na mwishoni iliandikwa "packing for shipment or distribution". Kabla ya "or" hapakuwa na mkato. Kampuni ikasema kufungasha ni kazi moja na kusambaza ni nyingine, na madereva kazi yao ni kusambaza, hivyo hawadai kitu. Madereva wakajibu kwamba bila mkato kazi inayotajwa pale ni moja tu, kufungasha, iwe kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, na wao hawafungashi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona maneno hayo yana utata, na kwa kuwa sheria hizo hufasiriwa kwa kumlinda mfanyakazi, ikawapa haki madereva. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Jimbo nalo liliiandika upya orodha ile, safari hii kwa nukta mkato. Vijana wetu kesho watawekewa mbele mikataba ya ajira ya Kiingereza wasaini. Nataka waisome wakijua mkato umekaa wapi na kwa nini.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba ujuzi wa kufundisha hivi tunao ndani ya shule zetu. Mwalimu wa Kiswahili, chumba cha pili tu, anafundisha aina za maneno, kiima na kiarifu, kishazi huru na kishazi tegemezi. Mimi huku nafundisha mambo hayohayo kwa majina mengine, kwa watoto walewale, na hatujawahi kuagizwa tukae meza moja kupanga azimio la kazi pamoja. Mtoto anadhani amepewa masomo mawili yasiyojuana.

Wapo wenzangu wanaoamini kwamba lugha hujifunzwa kwa kuzama ndani yake, na Kiswahili kikiruhusiwa mlangoni Kiingereza kitatoka dirishani. Nawaheshimu, na kwa mtoto anayesikia Kiingereza nyumbani hoja yao ina nguvu. Lakini mtoto wa Bahi au Mvumi akitoka shuleni saa tisa anarudi kwenye Kigogo cha bibi na Kiswahili cha redio. Hana pa kuzamia. Kiingereza chake chote ni vile vipindi vichache vya darasani, na muda mdogo kiasi hicho si wa kumwacha abahatishe kanuni ambayo ningeweza kumweleza kwa dakika kumi katika lugha anayoielewa. Mazungumzo, usomaji na midahalo viendelee kwa Kiingereza, hata mimi nasisitiza. Ninachoomba kiruhusiwe ni maelezo ya muundo.

Kwa hiyo nawaomba maofisa elimu wa mkoa na wathibiti ubora wa shule: mkimkuta mwalimu wa Kiingereza kidato cha kwanza ameandika ubaoni sentensi ya Kiswahili na ya Kiingereza zikiwa sambamba, msimwandike kuwa amekiuka utaratibu. Kagueni daftari, mwone kama watoto wanaandika aya zao wenyewe na kuzihariri, maana hilo ndilo zoezi linaloonyesha kama sarufi imeingia. Na Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho kipo jirani yetu tangu 2007 na kina wataalamu wa lugha zote mbili, kitusaidie kijitabu kidogo cha walimu kinacholinganisha sentensi ya Kiswahili na ya Kiingereza, kwa mifano ya mazingira ya huku.

Kwako Mhariri nina ombi pia. Gazeti lako litenge kona ndogo kila wiki: aya moja ya mwanafunzi kama alivyoiandika, bila jina lake wala la shule, chini yake aya hiyohiyo ikiwa imehaririwa, na maelezo mafupi ya Kiswahili kwa kila badiliko. Hata likitufikia vijijini limechelewa, tutaikata kona hiyo na kuibandika ukutani darasani. Aya za kuanzia ninazo, na naamini walimu wa Kongwa, Mpwapwa na Kondoa wanazo nyingi kuliko zangu.

Mwalimu wa Kiingereza, sekondari ya kata,
Chamwino, Dodoma