Mwili huhitaji muda kuyazoea mazoezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi ya vijana wengi wa hapa Tabora, ambao huanza kukimbia kila alfajiri kwa kishindo, kisha huacha kabla ya mwezi kuisha kwa madai kwamba miili yao imekataa.

Majimaji ya damu huongezeka katika siku chache za mwanzo, lakini misuli huhitaji majuma kadhaa ili iongeze mishipa midogo ya damu pamoja na mitokondria, yaani sehemu za seli zinazotumia oksijeni kuzalisha nguvu. Nao moyo, ukizoezwa kwa miezi, husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na ndiyo maana mapigo ya mkimbiaji mzoefu aliyetulia huweza kushuka chini ya 60 kwa dakika. Kano na mifupa huzoea polepole kuliko hata misuli, jambo ambalo makocha wetu wa mitaani, wanisamehe, hulipuuza.

Misuli kuuma siku ya pili baada ya zoezi jipya ni kawaida, ila maumivu ya kifua yapelekwe hospitali mara moja.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na anayekwenda shambani kwa baiskeli kila siku huenda ameshazitimiza bila kujua. Kwa wengine, nashauri umbali uongezwe kidogo kidogo, na siku za mapumziko ziheshimiwe.

Wako mtiifu,
Msomaji, Tabora