Dadu haifuti kosa dogo

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mchezaji wa bakgamoni, mchezo wa ubao wa watu wawili wanaosogeza kete kwa kutupa dadu, hana haja ya kuhangaikia makosa madogo kwa kuwa dadu ndizo zinazoamua. Ni kweli kwamba mwanagenzi aweza kumshinda bingwa katika mchezo mmoja, jambo ambalo wachezaji wa bao wa hapa Lamu, pale Mkunguni, hawalioni mara kwa mara. Lakini hilo halimpi haki ya kusema makosa hayana uzito.

Tuchukue kete iliyoachwa peke yake, ambayo mpinzani akiifikia huipiga, nayo huanza safari upya. Dadu mbili zina matokeo 36. Kete hiyo ikiwa hatua 1 kutoka kwa mpinzani, hupigwa kwa matokeo 11. Ikiwa hatua 3, na njia iko wazi, hupigwa kwa 14. Tofauti ni matokeo 3 tu, yaani sehemu moja ya kumi na mbili, na kwa hivyo aliyeiweka mahali pabaya, mara kumi na moja katika kumi na mbili, haoni dhara lolote la uamuzi wake. Na siku anapolipata hulaumu dadu. Katika bao kosa huonekana papo hapo, kete zikaliwa na watazamaji wakaguna.

Hata mabingwa walidanganyika hivyo. Mwaka 1992 Gerald Tesauro wa kampuni ya kompyuta ya IBM alitoa TD-Gammon, programu iliyojifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake. Wakati huo wengi, dadu za kwanza zikiwa 4 na 1, walikuwa wakiacha kete moja peke yake katika nafasi yao ya 5, yaani ya tano kuhesabu kutoka mwisho wa upande wao. Programu hiyo ikapendelea kuzitenganisha kete mbili za nyuma, na wachezaji wakabadilika. Tofauti ilikuwa ndogo mno kuonekana kwa macho, hata kwa mtu aliyecheza maisha yake yote.

Simaanishi kwamba makosa yote yanalingana. Programu za leo hupima kosa kwa sehemu ya dau: kosa la 0.02 hugharimu, kwa wastani, asilimia 2 ya dau. Sasa fikiria mpinzani amekuletea dadu ya kuzidisha dau, yaani anataka dau liwe mara mbili, nawe una nafasi ya asilimia 30 ya kushinda, wala hakuna hatari ya kufungwa maradufu, yaani kushindwa kabla hujatoa hata kete moja. Ukikataa, unapoteza dau 1 zima. Ukikubali, dau ni 2, na unapoteza kwa wastani 0.8, hata bila kuhesabu faida ya kuimiliki dadu hiyo. Kukataa huko kumekugharimu 0.2, sawa na makosa kumi madogo ya kusogeza kete. Mpaka wa kukubali ni asilimia 25, na nimewaona wachezaji hodari, wanaobishana usiku kucha juu ya hatua ya kwanza, wakiukosea bila hata kusita.

Kwa hivyo anayefundisha vijana mchezo huu aanze na hesabu ya kukubali na kukataa, kisha zile 11 na 14, na hatua za ufunguzi aziache mwisho.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu