Daftari la bibi na mpaka uliofungwa

Mhariri,

Tulipokuwa tukigawana vyombo vya marehemu bibi yetu hapa Tanga, nilikuta daftari lake la tangu 1967, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu. Mjomba alitaka liende jalalani. Nililipeleka kwa mwalimu wa madrasa, akanisomea.

Nilimwomba aanze na Julai 21, 1969, alfajiri ambayo kwa saa zetu Neil Armstrong alikanyaga mwezini. Bibi kaandika kuku mweupe katotoa vifaranga tisa, kimoja kachukua mwewe. Basi! Tulicheka sote.

Ya 1977 hayakutuchekesha. Vitabuni tunasoma kwamba Februari mwaka ule Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Daftarini ni dada yake bibi, aliyeolewa Mombasa, ambaye hakuonekana harusini kwa mama yangu. Tangu hapo kila Idi ina mstari uleule: “Dada hakuja.” Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Ukurasa wa Desemba una maneno mawili, “Dada kafika,” na doa ambalo mwalimu anasema ni chai. Mimi sina hakika.

Ombi langu: gazeti lako litenge safu ndogo, hata mara moja kwa mwezi, kwa ajili ya madaftari kama haya. Na wazee wanaosoma hati hizi wajitokeze, maana mwalimu wangu ana miaka 81.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga