Chakula na mahema makambi ya mwaka huu

Bwana asifiwe wapendwa, naona wengi mnaulizia makambi, ile mikutano yetu Wasabato ya ibada ambapo tunalala kwenye mahema, kwa hiyo ngoja niseme mapema. Jiko ni moja na foleni ni moja, mwenye gari na aliyekuja kwa miguu wote wanakula wali maharage ule ule, ile ya watu kufungua hotpoti za pilau ndani ya hema lao huku watoto wa jirani wanachungulia haipo tena, inaniumiza sana kwa kweli, na Paulo aliwakemea Wakorintho kwa jambo hilo hilo, someni 1 Wakorintho 11:21. Mwenye mchele alete mchele, mwenye kuni alete kuni, asiye na kitu aje tu jamani asibaki nyumbani kwa aibu, mhazini hatasoma majina ya waliotoa. Mahema tutagawa kwa vikundi vya maombi sio kwa uwezo wa mtu. Sisi Wasabato makambi ya kwanza kabisa, 1868 kule Wright, Michigan, Marekani, watu walilala kwenye mahema shambani kwa muumini mmoja mkulima. Mwenye blanketi la ziada anicheki inboksi leo, wazee wetu baridi ya Julai inawatesa mno.