Barua kwa shoga yangu wa Columbus

Arlington, Texas

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, na hofu yako nimeisikia. Watoto unataka kuwasomesha nyumbani, lakini wifi yako amekwambia utalea watoto wa kujifungia ndani, wasiojua kukaa na watu. Nakuandikia badala ya kukupigia, maana kwa simu tungekatizwa na watoto kila dakika.

La sheria nilimalize upesi. Kusomesha nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, ila kila jimbo lina utaratibu wake. Kwetu Texas, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 1994, nyumba yangu inahesabiwa kama shule ya binafsi, na simwandikii mtu taarifa ya kila mwaka. Wewe huko Ohio utampelekea barua mkuu wa elimu wa wilaya yenu ndani ya siku 5 tangu uanze, halafu kila mwaka kabla ya Agosti 30 kupita. Ile tathmini ya kila mwaka waliyokuwa wakiidai zamani iliondolewa Oktoba 2023. Barua ibaki na nakala yake, na jibu lao litunze vizuri.

Sasa tuje kwenye nyumba yenyewe. Unajua baba watoto ni muuguzi wa zamu ya usiku. Anatoka saa kumi na mbili jioni, anarudi asubuhi. Watoto wangekuwa wanakwenda shule, wangekuwa wanapishana naye mlangoni tu. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa, na sioni haya kuisema. Sasa akirudi wanakaa naye mezani. Wao wanakunywa chai, yeye anakula chakula chake cha usiku, wanamsomea walichoandika jana. Akienda kulala tunatoka, maana nyumba ni ndogo na kitinda mimba hajui kunong'ona. Hisabati tunasomea maktaba ya mji. Kadi ni bure, na wakimaliza wanachagua vitabu vya kurudi navyo. Alasiri baba ameamka, na sayansi ni yake.

Kuhusu wenzao, hapa nitakaa kidogo. Kumbuka sisi tulivyokua Mji wa Kale. Marafiki tuliwapata kwenye chuo cha Kurani, kibarazani, kwenye harusi, kisimani. Wakubwa na wadogo pamoja, na darasani ilikuwa sehemu moja tu. Huku hakuna kibaraza. Kila mtu kafunga mlango wake, na hata mtoto anayekwenda shule akirudi anakuta mtaa kimya. Kwa hiyo wifi yako ana haki ya kuuliza, ila jibu halimo shuleni peke yake. Huku kibaraza hukijenga wewe mama, na hukijenga kwa kuwarudisha watoto kwa watu walewale.

Nalisisitiza hilo kwa sababu utaona mambo mengi ya kuandikisha: kuogelea, karate, roboti, muziki. Kila mama atakwambia lake ndilo zuri. Watoto watashinda ndani ya gari, wataona nyuso mpya kila siku, na hawatakuwa na rafiki hata mmoja. Sisi tuna mambo matatu tu. Alhamisi tunakutana na familia nyingine zinazosomesha nyumbani, wazazi wanafundisha kwa zamu; mimi nimepewa Kiswahili na jiografia ya Afrika. Jumamosi ni chuo. Kifungua mimba ana mpira wake. Binti yangu wa kati, yule mpole, alimaliza msimu mzima kwenye kundi la Alhamisi akizungumza na watu wazima tu. Sikumhamisha. Leo yeye na mwenzake mmoja hawaachani, wanaandikiana barua za siri kwa Kiswahili, na mama wa yule mtoto hajui neno lolote.

Mwanao naye asilie kuhusu timu. Ohio ina sheria tangu 2013: mtoto anayesomeshwa nyumbani anaruhusiwa kucheza na timu ya shule ya wilaya anakoishi, kwa masharti na ada zilezile za wenzake. Atakayekwambia haiwezekani, mwombe akuonyeshe sheria hiyo.

Jambo la mwisho ni lako wewe. Weka siku za kutotoka kabisa, mpike, mfue, wagombane na wapatane. Na baada ya chakula cha mchana kila mtu na kitabu chake, nawe ujinyooshe. Usiwaonee huruma kwa saa hiyo. Wewe ndiye mwalimu, mpishi na dereva.

Andika hiyo barua ya wilaya wiki hii, kisha uulize maktaba ya mtaani kwenu siku gani familia kama zetu hukutana. Ukipata jibu nitumie, tuipange ratiba pamoja. Nisalimie mama, mwambie ule unga wa mahamri alionituma nimeupata Dallas.

Akupendaye daima,
Shoga yako wa Arlington