Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wachoraji wa Mandhari kwa Pasteli, Mtwara

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha mbele yenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina, na orodha ya wanachama iko kwa katibu. Mimi nitajikita katika kazi yenyewe ya kuchora.

Jambo kubwa la mwaka huu lilikuwa saa za kutoka. Kamati tendaji iliamua kwamba safari za Mikindani na Msimbati zisifuate tena ratiba ya magari bali zifuate jua na maji. Pasteli laini ni kijiti cha unga mwingi wa rangi ulioshikwa na gundi kidogo mno, na uzuri wake umo katika tofauti ndogo za mwanga na kiza. Jua likiwa utosini, kivuli hujificha chini ya mnazi, na mchoraji hubaki hana cha kukifanyia kazi. Tumekuwa tukitoka alfajiri, au tukisubiri alasiri. Kuhusu maji, waliokwenda mlango wa Mto Ruvuma watakubaliana nami kwamba mikoko wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa na mizizi imesimama wazi juu ya tope, si ile mikoko unayoiona maji yakijaa.

Sambamba na hilo, kila mchoro wa nje sasa unaandikwa nyuma tarehe, saa, upepo na hali ya maji. Baadhi yenu mlisema hiyo ni kazi ya karani. Ningependa kukumbusha kwamba Eugène Boudin, aliyechora mawingu kwa pasteli katika pwani ya Normandy, Ufaransa, aliandika tarehe, saa na upepo kwenye michoro yake, na mshairi Charles Baudelaire alipoiona mwaka 1859 alisema kwamba hata maandishi yakifunikwa kwa mkono, mtazamaji angekisia majira, saa na upepo. Kipimo hicho kinatufaa. Mtu wa pwani hatofautishi anga la kusi na anga la kaskazi kwa kuambiwa, na mchoro wake nao usihitaji maelezo.

Safari ya Newala ilizua mjadala ambao haujaisha. Tulisimama ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, bonde la Ruvuma likiwa chini yetu na Msumbiji ng'ambo, na wengi walianza kupaka vilima vya mbali kwa buluu, kama mafunzo ya uchoraji yanavyoelekeza. Kanuni hiyo ni sahihi hewa inapokuwa safi. Mwishoni mwa kiangazi, hata hivyo, hewa hubeba vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na umbali hugeuka kijivu chenye wekundu, mwepesi kuliko vyote vilivyo mbele yake. Michoro iliyonigusa zaidi ni ile ya walioweka buluu kando na kuamini macho yao.

Kijivu hicho hakimo katika makasha ya vijiti tunayoagiza kutoka Dar es Salaam, na kijani kilichomo ni kikali kuliko jani lolote la mkorosho. Kwa kuwa pasteli haichanganywi kwenye kibao kama rangi ya mafuta, bali hupatikana kwa kupandisha tabaka juu ya tabaka, kukosa kijiti kinachofaa ni kasoro halisi. Ndiyo maana kikundi cha wanachama kilijaribu kutengeneza vijiti kwa udongo mwekundu wa Newala. Udongo hukorogwa katika maji, mchanga huachwa utuame, maji yenye tope humiminwa chombo kingine, na ule unga laini unaotuama baadaye hukaushwa na kusagwa. Kisha huchanganywa na unga mweupe wa jiwe la chokaa na maji mepesi ya gundi, ukavingirishwa na kuanikwa kivulini. Gundi ikizidi, kijiti huwa kigumu na hukwaruza karatasi. Ikipungua, humeguka mkononi. Nasisitiza kwamba jiwe hilo liwe halijachomwa, kwani chokaa ya tanuri huunguza ngozi na macho. Wekundu wa udongo hutokana na chuma, nao haupauki kwa mwanga. Rangi za maua na majani zilizopendekezwa na baadhi yenu nyingi hupauka upesi, na mimi siziungi mkono. Nyeusi ilipatikana kwa mkaa wa vifuu. Mkaa wa mikoko hatuutaki, na sababu mnaijua.

Masika yalituletea hasara. Michoro iliyohifadhiwa katika chumba kilichokosa hewa iliota ukungu, na michache haikuokoka. Kazi zote sasa zimeinuliwa kutoka sakafuni, zimetengwa na ukuta, na kati ya moja na nyingine imewekwa karatasi nyororo. Mnapopeleka kazi kwa fundi wa fremu, mwambieni aweke kioo, na aache nafasi kati yake na karatasi. Plastiki ni rahisi kubeba, lakini ikifutwa hupata umeme tuli unaovuta unga wa rangi kutoka kwenye mchoro. Dawa ya kupuliza ya kushikiza rangi itumike kwa uchache, maana hufifisha nuru ya rangi nyepesi.

Juu ya afya, nitasema machache: vumbi lisipulizwe kwa mdomo, ubao ugongwe nje, barakoa zivaliwe wakati wa kusaga, na watoto wasipewe vijiti vyenye kadimiamu, metali yenye sumu.

Kamati inaleta maombi mawili ya kupigiwa kura leo. La kwanza ni kununua kinu cha mawe na chekeche laini kwa ajili ya vijiti vya udongo. La pili ni kuhamishia Lindi safari kuu ya mwaka ujao, ili tuchore mlango wa Mto Lukuledi na msitu wa Rondo. Wanachama wanaoishi huko wamekubali kutupokea, mradi tarehe zithibitishwe kabla ya mvua kuanza.

Mwenyekiti