Mwenye mkanda wa jeshi asiogopeshwe dawa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya afya ya wiki iliyopita ilidai kwamba dawa zote za virusi ni sumu, zinamuumiza mgonjwa kuliko zinavyokiumiza kirusi. Miaka ya 1960 ningekubali. Idoksuridini, aliyoitengeneza William Prusoff mwaka 1959, ilifaa kwa malengelenge (herpes) ya jichoni tu, tena kwa matone. Ikiingia mwilini huvuruga DNA ya seli zetu kama inavyovuruga ya kirusi.

Asikloviri, dawa nyingine ya malengelenge hayo, haiko hivyo. Ilitoka miaka ya 1970 katika maabara za kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, Marekani, alikokuwa Gertrude Elion, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Ukimeza kidonge, dawa huingia mwilini ikiwa imelala. Ili iamke lazima ibandikwe fosfeti tatu (vipande vidogo vya kemikali), na ile ya kwanza vimeng'enya vyetu, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, karibu vinashindwa kabisa kuibandika. Kirusi cha malengelenge kina kimeng'enya chake, thimidini kinasi, ambacho huibandika upesi. Mbili zinazobaki humaliziwa na seli. Hapo dawa hujichomeka katika DNA mpya ya kirusi, na kwa kuwa haina pa kushikiza kiungo kinachofuata, mnyororo hukatikia hapo hapo. Kikulacho ki nguoni mwako: kirusi hujipikia sumu chenyewe. (Mwenye figo dhaifu apunguziwe dozi, hilo silifichi.)

Ujanja huo huo ndio unaoiwekea dawa mpaka. Kirusi kilichojificha kwenye neva hakitengenezi kimeng'enya hicho, basi hakuna wa kuiamsha dawa, na malengelenge hurudi.

Kilichonikera hasa ni mkanda wa jeshi, unaoletwa na kirusi cha tetekuwanga, ndugu wa huyo niliyemweleza. Wagonjwa hunijia dukani wamepakwa majivu au dawa ya meno, wiki imeshapita, malengelenge yamekauka na maumivu ndiyo kwanza yanakolea. Vidonge husaidia zaidi vikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee, kirusi kikiwa bado kinazaliana. Aliyesoma kwenu kwamba ni sumu atakaa nyumbani hadi saa hizo ziishe.

Naomba mchapishe masahihisho ukurasa ule ule, na hizo saa 72 ziwe kwenye kichwa cha habari.

Mfamasia,
Morogoro